Pua ya Mchanganyaji

Mwaka 2009, nikiwa na miaka arobaini na saba, bani letu liliungua huko Lusu, na tumbaku ya msimu mzima ilikuwa ndani inakaushwa. Majivu hayajapoa, mume wangu akafunga begi akaenda kwa ndugu zake Urambo kutafuta msaada, na msaada alioupata ulikuwa mke mwingine. Mimi nilibaki na darasa la nne, mikono miwili na kuku sita wa kienyeji. Niliwatia kwenye tenga, nikapanda nao basi hadi Tabora mjini, nikapanga chumba Cheyo. Sikumlilia mtu. Hilo naliweka mbele watu walijue kabla hawajasoma mengine, maana mengine sikuyafanya vizuri.

Ninayetaka kumwandika ana jina, na watu wa Cheyo wanalijua. Mimi silitaji. Tulimwita Mchanganyaji, naye akaitika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mikono yake imeingia vumbi la pumba hadi kwenye kucha, vumbi lisilotoka hata Jumapili. Nilimwogopa siku ya kwanza na nikamwogopa siku ya mwisho, na katikati hapo alinifanya mtu.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake kutaka pumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kuku wangu wanakula nini. Nikamwambia pumba.

"Na wewe unakula nini?"

"Ugali."

"Mtupu?"

"Na mboga."

"Kwa hiyo wewe una mboga, kuku wako hawana. Halafu unakuja hapa unalia hawatagi."

Sikuwa nimelia, wala sikuwa nimesema habari ya kutaga. Lakini kweli hawakuwa wakitaga. Alinijazia ndoo ya mashudu ya alizeti, akaniambia pumba inamshibisha kuku, lakini nyama yake na yai lake vinajengwa na mashudu, na asiyejua hivyo afuge njiwa. Baada ya wiki tatu nilikuwa naokota mayai. Sikurudi kumshukuru. Nilirudi kutaka ndoo ya pili.

Ghala lake lilikuwa la bati, sakafu ya saruji, hatua chache kutoka kwenye mashine ya kukamulia alizeti. Mafuta yalikwenda madukani. Makapi yaliyobaki baada ya mbegu kukamuliwa, ndiyo hayo mashudu, yalikwenda kwake. Ya pamba yalimjia kutoka upande wa Igunga. Hayo aliyagawa kwa mkono wa kubana, hasa kwa kuku wa mayai, akisema yakizidi utapasua yai ukute kiini kina rangi ya majani makavu. Soya hakuiingiza bila kuikaanga kwanza. Dagaa aliwachekecha, kwa sababu wanakuja na mchanga, na wanaokuja nao wanataka uununue huo mchanga kama samaki. Lakini mashudu ya karanga ndiyo aliyoyapenda kuliko yote, na ndiyo aliyoyaogopa kuliko yote. Alisema hakuna kinachokuza kifaranga kama karanga, na hakuna kinachomuua kama karanga iliyolala na unyevu.

Alichanganya kwa sepetu, mwenyewe. Vile vidogo, chumvi na chokaa na unga wa mifupa, alivichanganya kwanza pembeni na pumba kiasi cha beseni moja, halafu akavimwaga juu ya lundo, halafu akalihamisha lundo zima kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, mara tatu. Ukimsemesha kati ya mara ya pili na ya tatu hakujibu. Nilimwona mheshimiwa mmoja amesimama mlangoni na koti lake, anasalimia peke yake kama anasali.

Sasa pua. Gunia likifika, alikuwa akimega bonge la mashudu, analipumulia kwa mdomo ili lipate joto, halafu ananusa amefumba macho. Kisha anaingiza mkono ndani ya gunia hadi begani, anakaa hivyo kidogo, kama mkunga. Akikuta mna joto anasema, "Hili lina homa," na basi, gunia linarudi lilikotoka. Madereva walimchukia. Mmoja alimwuliza kama ananusa mashudu au anabusu mke.

"Mke nisingemrudisha," akasema. "Hili rudisha."

Watu wote wa mtaa wetu tuliofuga tulikula kwa pua ile. Nasema tulikula, maana kuku ndiye aliyesomesha watoto, ndiye aliyeezeka nyumba. Hatukuangalia mashudu yetu wenyewe. Mtu akiuliza chakula hiki ni salama, jibu lilikuwa moja tu: Mchanganyaji amekwisha kunusa.

Yeye mwenyewe hakula yai. Hakula kuku pia, hata Krismasi, hata harusini. Alilisha kuku wa nusu ya mji huu na hakumtia mmoja mdomoni. Kanisani kwetu Moraviani aliimba sauti nzito kwenye kwaya, lakini aliketi karibu na mlango, na mvua ikianza kunyesha katikati ya ibada alitoka kwenda kuangalia kama bati linavuja juu ya magunia. Mchungaji alimzoea. Alikuwa na ulimi wa kuchoma wakubwa, lakini nimemwona amepiga magoti nyumbani kwa mjane anamfuta kamasi kuku mgonjwa kwa pindo la shati lake. Alikuja majumbani bila hodi ya kueleweka. Unashtukia yuko stoo, anaangalia kama magunia yamekaa juu ya mbao au umeyaweka sakafuni yakagusa ukuta. Ukiwa umeyaweka sakafuni, alikuwa hakuuzii hadi umeniuliza mimi au mwingine jinsi ya kupigilia kichanja.

Pamoja na pua hiyo, alifuga bata. Hapa ndipo watu walipomcheka. Kila mzigo mpya wa mashudu ya karanga, aliwapa kwanza vifaranga watatu wa bata, akawatenga, akangoja siku kadhaa. Alisema kifaranga wa bata hana uvumilivu na kuvu, anakufa wakati kuku bado anajikaza. Aliwaambia wateja wote wafanye hivyo hivyo kwao. Wengi walisema ndiyo mzee, wakaenda zao. Kwa nini ufuge bata wa kuonja wakati ameshaonja mwenye pua? Mimi nilifuga. Si kwa akili. Niliogopa atakuja kukagua.

Jambo lingine alilokuwa nalo lilitutisha tulipokuwa wageni kwake. Kuku akifa kwako, alitaka aitwe. Alimpasua hadharani, nje, njiani ikibidi, akaita majirani waje. Akamtoa ini, akaliweka kiganjani, akalizungusha kila mtu alione. Likiwa la njano na limevimba, alisema, "Mmeona? Ni ini. Muuaji ni huyu hapa." Alirudia hata mara tatu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto walikimbia. Mimi nilidhani ana kichaa kidogo, hadi alipoyasema ya mama yake. Aliyasema mara moja tu, tukiwa tunashona midomo ya magunia, na hakuacha kushona.

Kijijini kwao bata na kuku walikuwa wakifa, nyumba hadi nyumba, mwaka uliovunwa karanga nyingi na mvua ikazikuta bado nje. Hakuna aliyejua kwa nini. Mama yake alikuwa mjane, amepikia moshi wa mavi ya ng'ombe miaka yote, macho yake mekundu. Kuku wake yeye hawakufa, kwa sababu hakuwa na karanga za kuwapa. Watu walitafuta mtu. Wakampata. Mchanganyaji hakusema walimfanya nini. Alisema tu kwamba alipofika alikuta kuku wa mama yake wanazunguka uani wazima wote.

"Kuku kufa si kitu," aliniambia. "Kuku kufa na watu hawajui kimewaua nini, hapo ogopa."

Nilimsikia. Sikuelewa. Mjini nilidhani mambo hayo yako nyuma, huko mashambani.

Mwaka juzi mvua zilichelewa kukatika, na karanga za upande wa Nzega zikaingia sokoni na maji yake. Mchanganyaji alipokea mashudu yake, akamega, akapumulia, akanusa, akaingiza mkono, akasema safi. Watu tisa mtaani tukachukua. Mimi nikiwa na kuku mia nne wa mayai, jirani yangu wa ukutani ana vifaranga mia tatu wa nyama, ndio kwanza wameota manyoya ya mabawa. Ni mwanamke mdogo kwangu, ananiita dada. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mchanganyaji mara ya kwanza.

Nikawapa bata wangu watatu. Siku ya nne wawili walikuwa wamelala shingo zimepindukia mgongoni. Siku ya tano akafuata wa tatu.

Nikaenda mbio ghalani. Nikamwambia mzee, bata wamekufa, mzigo huu si mzima. Alisimama na sepetu yake akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

"Wewe mama wa Lusu, lini pua yangu imekukosea?"

Nikasema haijakosea.

"Basi bata wako wamekufa kwa uchafu wako. Nenda kafagie."

Nikaenda. Nilifagia kweli. Mzigo wangu nikausukuma kando, nikawapa kuku mashudu ya alizeti niliyokuwa nayo. Na hapa nitalisema wazi, maana ndilo linalonifanya niandike: sikumwambia jirani. Siku tatu nilisikia vifaranga wake kupitia ukutani wanagombania chakula kile, nikanyamaza. Nilijiambia nani mimi nipinge pua ya Mchanganyaji. Nilijiambia nikisema na ikawa si kweli, hataniuzia tena, na bila yeye mimi ni mwanamke mwenye kuku wanaokula pumba. Siku ya nne sikusikia kelele ukutani.

Walikufa kwa wingi, kwake na kwa wengine saba. Walikufa wa mayai, walikufa wa nyama, walikufa wa kienyeji waliookota yaliyomwagika. Kwangu hakufa hata mmoja. Jirani alikuja kusimama getini, hakuingia.

"Dada, wako wanataga?"

Nikasema wachache.

"Wote wanataga. Nawasikia. Wetu wamekwisha mtaa mzima, wako wanataga. Umewakinga kwa kitu gani?"

Ningemwambia bata. Ningemwambia wote tuliambiwa bata. Lakini ningesema bata, angeniuliza walikufa lini, na angehesabu siku. Nikasema ni Mungu tu. Aliniangalia macho. Macho yangu mekundu, nimekaushia tumbaku bani miaka ishirini kabla ya kuja hapa. Nililiona jicho lake likisimama juu ya jicho langu, nikajua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwenye genge aliyekuwa akichukua mayai yangu akasema amepata kwingine. Watoto waliokuwa wanakata njia uani kwangu wakazunguka. Bombani nikifika maongezi yanageuka, wanaanza kusifu mvua. Kanisani benchi langu likawa na nafasi pande zote mbili. Binti mmoja wa jirani, ambaye alikuwa hana siri, akaniambia wanasema bibi ana dawa, amechukua uhai wa kuku wetu akawapa wake. Halafu siku moja saa nne asubuhi, jua linawaka, vijana wawili nisiowajua walisimamisha pikipiki mwanzo wa mtaa, wakamwuliza muuza vitumbua nyumba ya yule bibi wa kuku wasiokufa ni ipi. Yeye akawaonyesha. Walipita polepole mbele ya geti langu, wakaangalia, wakapita tena. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, na nilipoangalia chini ndoo ilikuwa tupu na miguu yangu imelowa.

Nilikwenda kwa Mchanganyaji mchana ule ule. Sikwenda kumlaumu. Nilikwenda kwa sababu ndiye mtu mmoja Tabora hii aliyejua mwisho wa hadithi kama yangu.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, mgongo kwangu. Kabla sijafika mlangoni nilianza kukohoa. Ghala zima lilikuwa moshi. Sufuria ya maharage ilikuwa juu ya jiko la mkaa, maji yamekauka kabisa, maharage yamekuwa mkaa, harufu inakata koo. Naye ameketi hatua tano kutoka pale, anashona mdomo wa gunia, anaimba polepole. Nikaipua sufuria kwa upande wa kitenge. Akageuka.

"Umeingiaje bila hodi?"

"Mzee, maharage yameungua."

Akaangalia sufuria. Akaangalia moshi, kama ndio kwanza unaingia. Sindano ya gunia ikamtoka mkononi, akainama kuitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Tangu masika. Alipata homa ya mafua, kifua kikapona, pua haikurudi. Aliendelea kumega na kupumulia na kufumba macho, kwa sababu watu walikuwa wamesimama wanamtazama. Alitegemea mkono tu, na mzigo ule haukuwa na homa siku aliyoupima. Nikamwuliza bata wake je, hakuwapa? Akasema aliwapa. Walikufa siku moja na wangu. Alikuwa amekwisha kuwazika nilipokwenda kumwambia.

Nilitaka kumpiga. Mzee wa umri ule, nilitaka kumpiga na sufuria. Badala yake nikamweleza vijana wa pikipiki. Nilipofika kwenye maneno ya bibi wa kuku wasiokufa, alinyoosha mkono nisiendelee. Akanawa uso. Akavaa koti lake la kwaya, juu ya shati lenye vumbi, akatoka bila kufunga ghala. Ndiyo mara ya kwanza nimeona ameliacha bila kulifunga.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha watu Jumapili baada ya ibada, uani kwake. Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwa habari za maji. Bwana mifugo naye alikuwapo, akaanza kueleza habari ya sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota ndani ya karanga na mahindi na huioni, lakini watu walikuwa wananiangalia mimi. Mchanganyaji akasimama.

"Kuku wenu nimewaua mimi. Si mama huyu. Pua yangu imekufa tangu masika, nikaona aibu kusema. Bata wangu walikufa nikawafukia. Yeye aliwapa bata wake kama nilivyowaambia ninyi wote, wakafa, akaacha kulisha. Dawa yake ni hiyo."

Kijana mmoja nyuma akacheka, akauliza kama bibi amemroga na yeye mzee sasa. Wengine wakacheka naye. Mchanganyaji akamwita kwa upole, akamwambia aende jikoni kwa mwenyekiti alete vikombe viwili, kimoja maji, kimoja mafuta ya taa. Yule kijana akaleta, bado anacheka. Mzee akafumba macho, akanusa cha kwanza, kwa pumzi ndefu, kama alivyonusa mashudu yetu miaka yote. Akanusa cha pili. Sisi tuliokuwa mbali tulisikia harufu ya mafuta ya taa.

"Yote maji," akasema, na akakipeleka kile cha pili mdomoni.

Kijana ndiye aliyempokonya. Kikombe kilimwagika kwenye koti. Hakuna aliyecheka tena.

Jirani yangu akasimama. Akauliza swali moja, na alimwuliza mzee lakini aliniangalia mimi. Dada alipoona bata wamekufa, hakumwambia mtu?

Nilifungua mdomo. Mchanganyaji akanitangulia. Akasema hakumwambia mtu kwa sababu hakujua, alidhani bata wamekufa kwa uchafu wa banda. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anajua, peke yake. Aliusema uongo huo amesimama wima, yeye ambaye hakunidanganya hata kwa gramu ya chumvi, na mimi nikaufunga mdomo wangu nikakaa. Mara ya pili nikanyamaza.

Nilimfuata nyumbani kwake wiki iliyofuata, binti yake amekuja kumchukua ampeleke Ziba. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa, koti limefuliwa na bado linanuka. Nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na pua. Wewe ulikuwa unanusa."

Nikamwambia nitamwambia jirani. Akasema hilo ni langu, yeye amekwisha kulipa la mama yake. Nikamwamkia, akaitika, nikamshika mkono ule wa vumbi. Binti yake akamwingiza kwenye gari. Sijamwona tena. Nasikia yuko hai, na watu wa huko wanamletea mashudu awaingizie mkono tu, na kila gunia anawaambia hajui.

Jirani sijamwambia. Anajua kusoma. Hii nitampa yeye kwanza.

Leo nina kiwanja kimoja Cheyo chenye hati. Nina nyumba ya vyumba vitatu, bati jipya. Nina kuku mia mbili na themanini, nusu wanataga. Nina baiskeli moja, mashine ndogo ya kusagia, vichanja vinane vya mbao. Nina shamba la ekari mbili Lusu, silimi mwenyewe. Nina kufuli mbili kubwa za geti. Nilizinunua siku ile ya vijana wa pikipiki, na mpaka sasa nazifunga zote mbili mchana.